Uzi wa Chini ya Manyoya

Watu wengi hawajui kama kuna binadamu anayelipwa kutengeneza nzi. Ni nzi wa bandia, wa kuvulia samaki: ndoano ndogo inabanwa kwenye jiliwa, inazungushiwa uzi, juu yake sufi na manyoya, mpaka samaki mwenyewe adanganyike. Katika karakana yetu fundi bora alikuwa mwanamke tuliyemwita Shangazi. Mimi nilikaa meza ya nyuma yake, nikimwonea wivu waziwazi.

Uhodari wake ulianzia kwenye kuchagua uzi. Aliupitisha kwanza katikati ya midomo. Uzi ukiwa mnene, alisema, kichwa cha nzi kinavimba. Ukiwa mwembamba mno, unakata manyoya. Midomo ile haikukosea. Lakini mdomo hauonji rangi, na rangi ndiyo mtego wa kazi hii. Sufi ikilowa, uzi wa chini huonekana. Nzi wa njano lazima afungwe kwa uzi mweupe, la sivyo akiwa mkavu ni mrembo, akiingia majini ni kitu kingine kabisa.

Pembeni yake alikaa mdogo wake, tuliyembatiza Kasuku kwa sababu mdomo wake haukuwa na mlango. Kutwa nzima: dada, leo ni njano, dada, chukua bobini ya uzi, ile ya upande wa dirishani, dada, nyekundu iko ukutani, usiiguse. Tulimcheka mpaka tukachoka kumcheka.

Kasuku akaugua kifua, akafa kabla hatujazoea kukiona kiti chake kitupu. Wawili hao waliishi chumba kimoja, hawana mume wala mtoto. Shangazi alikataa msaada wa kila mtu. Gauni jeupe la kumzikia mdogo wake alilishona mwenyewe, kwa mkono, mlango ameufunga.

Siku za msiba meza yake ilitumiwa na kibarua mmoja mstaarabu, ambaye kabla ya kuondoka aliifuta na kuzipanga bobini upya. Alifanya kwa wema tu. Shangazi aliporudi aliketi, akanyoosha mkono upande wa dirishani, akapitisha uzi midomoni, akaanza kazi. Hakuinua kichwa mpaka trei ikajaa nzi wa njano. Vichwa vyao vikapakwa rangi nyeusi kama kawaida, uzi ukafichika, nasi tukanong'onezana kwamba mama huyu ni chuma.

Msimamizi akapita na glasi yake ya maji, kama afanyavyo kwa kila trei. Akatumbukiza nzi mmoja. Njano ikapotea, ikabaki nyama nyekundu kama kidonda. Akatumbukiza mwingine, na mwingine tena. Akaokota bobini mezani, akaisogeza karibu na uso wa Shangazi.

"Shangazi, uzi huu una rangi gani?"

"Mweupe," akasema.

Hapo ndipo nilipomwelewa Kasuku, na moyo ukaniuma. Maneno yote yale tuliyoyacheka yalikuwa macho ya dada yake. Kwetu asiyeona hana meza, hilo kila mtu analijua, na wao walikuwa wamelificha miaka yote hiyo mbele ya pua zetu. Msimamizi si mtu mbaya. Alimwambia kwa sauti ya chini akapumzike nyumbani, lakini sote tulijua mapumziko hayo hayana kurudi.

Nilimsindikiza nimemshika mkono. Njia nzima hakulia. Alisema tu kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Tulipofika mlangoni kwake hakutaka kuingia.

"Wewe ulikuwepo mazishini," akasema. "Lile gauni la mdogo wangu. Uzi niliolishonea ulikuwa wa rangi gani?"

Tulikuwa tumeliona sote. Mishono mikubwa, myekundu, kutoka shingoni mpaka miguuni, juu ya kitambaa cheupe. Tulidhani majonzi yamemvuruga akili, tukageuza macho pembeni, hakuna aliyethubutu kusema.

"Mweupe, Shangazi," nikamwambia.

Akanyoosha mkono, akanipapasa shavu taratibu, vidole vikafika kwenye machozi. Akavifuta kwenye kanga yake, akaingia ndani, akafunga mlango.