Kengele ya Fundi Kamili

Katika karakana yetu ya vifaa vya umeme, fundi mkuu aliitwa Kamili, kwa kuwa hakuvumilia kitu nusunusu. Skrubu ikipotea, kifaa hakifungwi mpaka ipatikane.

Mkewe alipopooza upande mmoja, Kamili aliichukua ruta kuukuu ya nyumbani, kisanduku cha kugawa intaneti, akaigeuza kengele. Mgonjwa akibonyeza kitufe kitandani, simu ya fundi hulia karakanani, naye hutoka mbio. Kwa ruta yenye kumbukumbu haba kama ile, ipo Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, iliyopunguzwa makusudi. Kamili aliikataa. Aliweka Linux nzima, ileile ya kompyuta kubwa, ikiwakia kwenye flashi.

“Shemeji,” kaka wa mkewe, fundi mwenzetu, alimtania, “mtoto mchanga umemvika koti la babu yake!”

“Atakua.”

“Ruta haikui, shemeji.”

Tulicheka. Lakini kengele ililia kila ilipohitajika.

Kisha mkewe akamwambia, “Mwenzangu, mchana ni mrefu na kuta hazisemi. Niwekee redio.”

Angemkatalia vipi? Akaiongeza redio ya mtandaoni katika ruta ileile.

“Vyote viwili vitaenea?” shemeji aliuliza.

“Vimeenea. Nimejaribu.”

Vilienea, ila kwa kubanana. Linux ikiishiwa kumbukumbu haizimiki. Huichagua programu iliyonenepa kupita zote na kuiua, ili nyingine zipate kuishi. Redio ilikuwa nyembamba. Programu ya kengele, ambayo Kamili aliiandika bila kuacha pengo, ndiyo iliyokuwa nene.

Ikafika siku simu yake haikulia hata mara moja.

“Leo dada yako katulia,” alimwambia shemeji wakati wa kufunga kazi. “Redio imembembeleza.”

“Ndiyo dawa yenyewe, shemeji.”

Alipofungua mlango wa nyumbani, redio ilikuwa ikiimba. Mkewe alikuwa sakafuni kando ya kitanda, amekwisha kuwa baridi, kitufe amekifumbata kiganjani.

Baada ya maziko Kamili alirudi kazini. Shemeji hamtanii tena; hukaa meza ya mbali. Juzi nilimwona Kamili akifunga redio ya mteja kwa skrubu tatu. Ya nne haikupotea. Ilikuwa mezani, mbele ya macho yake.