Ugali Usiofika Tumboni

Mama yangu alikula ugali kwa wakwe huko Sigor, na ugali huo haukufika tumboni. Aliutoa baadaye nyuma ya zizi la ndama. Nilikuwa nimemfuata, nikauona: umetafunwa tu, mweupe, hauna ule ukali wa matapishi unaochoma pua.

Tulikuwa tumetoka Sosiot kwenda kwenye koito, mazungumzo ya kumposea ndugu yangu mdogo. Siku kama hiyo mgeni akiacha chakula ni kama ameikataa nyumba. Mama wa msichana alimkatia mama kipande kikubwa.

“Pamwai, kula,” akamwambia, kwa jina wanaloitana wazazi ambao watoto wao wanaoana. “Hukuja hapa kuonja.”

Wanawake wakacheka. Mama naye akacheka, akameza, akasukumia na mursik, maziwa ya kuganda ya kibuyu. Kila tonge lilifuatwa na mursik. Kisha akasema anakwenda kuangalia ndama wao.

Nyumbani nilikuwa nimeona mengi na kuyaamini yote. Alikuwa akila baada yetu. Akiulizwa, alisema ameshiba kwa kuonjaonja jikoni, au jino linamsumbua. Nguo zilianza kumpwaya, tukasema ni kazi ya kuchuma chai.

Pale zizini nilimuuliza imeanza lini.

“Tangu tulipopanda viazi,” akasema huku akipangusa midomo kwa leso. “Usiseme mbele ya hawa watu. Watasema kijana anatoka nyumba yenye ugonjwa.”

Nilinyamaza mpaka mahari ilipokubaliwa. Wiki iliyofuata nilimpeleka hospitali Bomet.

Daktari, kijana mpole aliyemwita mama “shosho”, yaani bibi, kama watu wa kwao Nyeri, aliniuliza kuhusu harufu ya kile alichotapika. Nilipomwambia hakikunuka, aliacha kuandika. Ukali ule, alisema, ni asidi ya tumbo, na chakula kisicho nao hakijafika huko. Kwamba kinaanguka tu kikimezwa, kama jiwe kisimani, si kweli. Kuna mrija wa nyama, umio, unaokibana kutoka juu na kukisukuma chini, ndiyo maana hata mtu aliyelala chali humeza. Kutoka hapo tumbo hukikoroga, na utumbo mwembamba ndio hukinyonya kuwa nguvu na damu.

Mama alikuwa akifinya hewa kwa vidole, kimoja baada ya kingine, kuanzia juu.

“Ni kama kukamua,” akasema.

Daktari akakubali.

“Na chuchu ikiziba?”

“Hilo ndilo nataka kuona kwa kamera, shosho. Tumbo lako halina kosa. Liko chini, linangoja.”

Aliniuliza pia kama kwetu chai hunywewa ikiwa moto sana. Nilisema hunywewa ikitoka jikoni, na aliyeipuliza huchekwa. Aliandika, bila kusema kama hiyo ndiyo sababu.

Kamera ilishuka, ikafika katikati ya kifua, ikakataa kupita. Walichukua kipande kidogo cha nyama hapo, wakakipeleka maabara. Kwa sasa mama anakunywa uji mwepesi, na huumeza akiwa ametugeuzia mgongo.

Jana pamwai alipiga simu. Wanataka kuja kwetu kabla ya shule kufungwa, na wao walishwe. Mama amewaambia karibuni, na ndugu yangu ameanza kutafuta mbuzi. Habari za ugonjwa hajaambiwa bado. Majibu ya maabara hayajarudi.