Majibu ya Kadzo

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipomwambia nesi karatasi zake azifanye za kuwashia moto. Nilikuwa kijana, fundi wa mitandao, na nilikuwa nimetoka kufunga ruta, kisanduku cha kupitishia mtandao, katika zahanati moja huko Kakuyuni. Kazi ya kisanduku kile ilikuwa kuiunganisha zahanati na maabara ya Malindi kwa VPN, yaani njia ya faragha ndani ya intaneti, ili majibu ya damu yasiletwe tena kwa karatasi na bodaboda.

Taa iliwaka kijani. Nikaipima njia nikiwa ndani ya ruta yenyewe, Malindi ikaitika. Kompyuta ya nesi sikuigusa. Jua lilikuwa kali, nilitaka kurudi mjini.

"Fundi," nesi Dama akanitania, "kikigoma hiki nikupande wewe mgongoni hadi Malindi?"

"Hakigomi, dada. Karatasi hizo washia jiko."

Akaniamini. Wiki ile mama mmoja, Kadzo, alikuja na homa baada ya kujifungua. Damu yake ikapelekwa Malindi ijulikane dawa gani itamfaa. Kila Dama akitazama kompyuta, inamwambia asubiri. Akadhani maabara wana kazi nyingi. Siku ya tatu Kadzo akafariki.

Habari ilipotufikia, Mzee Charo, aliyenifundisha kazi, akanichukua tukaenda zahanati. Ruta hakuitazama. Alinivutia kiti cha Dama.

"Keti anapoketi yeye. Jaribu kutoka hapa."

Nikajaribu. Kimya.

"Sasa fuata hatua moja moja."

Hatua ya kwanza, ruta yetu, iliitika. Baada ya hapo, kimya. Nikapitia ndani ya ruta yetu, nikafungua ile ya Malindi, ambayo niliipanga mimi mwenyewe. Maombi ya Dama yalikuwa yakifika na maabara ikijibu, lakini katika orodha yake ya njia za kurudishia majibu hapakuwa na kompyuta za Kakuyuni. Ilikuwako ruta yao tu, ndiyo maana jaribio langu lilifaulu. Majibu yote yalikuwa yakitupwa nje.

"Kwenda ulipima," Mzee Charo akasema. "Kurudi ulimwachia nani?"

Niliandika mstari mmoja uliokosekana. Mara majibu yakaanza kuingia, na la Kadzo likiwemo. Lilikuwa tayari tangu siku ya pili, na dawa iliyotajwa ilikuwa kabatini, nyuma ya mgongo wa Dama. Dama alilisoma, akatoka nje.

Nilikwenda matangani. Nikamweleza mamake Kadzo kosa langu bila kulipunguza.

"Basi dawa ilikuwako," akasema. Hata leo sijui kama alinisamehe, nami sikuthubutu kumuuliza.

Mwanangu, ukifunga njia, usipime kutoka mahali panapokufaa wewe. Keti kwenye kiti cha mwenye kuitumia, utume kutoka hapo, ungoje mpaka jibu lirudi. Likipotea, fuata hatua kwa hatua, utazame orodha za pande zote mbili. Taa ya kijani isikutoshe. Na njia ya zamani usiifunge mpaka mpya imefanya kazi mbele ya macho yako.

Mungu akulinde na uvivu wa dakika moja kama ule wangu. Akujalie uzeeke bila jina la mtu unaloliomba radhi kila ukiamka.