Asubuhi Bila Maziwa

Kuna watu wanaoweza kueleza ugonjwa wa mama yao kwa maneno machache na mgeni akaelewa. Mimi sijaweza. Nikianza na mkono uliotetemeka, nasahau kusema kwamba mguu ulianza kuburuta hata kabla ya mkono. Nikianza na daktari, inaonekana kama yeye ndiye aliyekosea, na si kweli, ama si kweli yote. Nikianza na dada yangu nakasirika, na mtu aliyekasirika haandiki sawasawa. Wacha nianze na chai.

Kwetu Bahati, nje kidogo ya mji wa Nakuru, chai si chakula. Ukimkuta mtu asubuhi ameshakunywa kikombe kikubwa cha chai ya maziwa matupu, umuulize kama amekula, atakuambia bado. Chakula ni ugali, ni githeri, ni viazi vya kuponda. Chai ni ya kufungua macho. Na maziwa yenyewe ni ya kusindikiza dawa: kidonge kikiwa kikali unakimeza na maziwa, ndiyo kisikukwaruze tumbo. Mama alitulea hivyo mimi na dada yangu, na yeye alilelewa hivyo. Hakuna aliyefikiria kuna jambo la kuuliza hapo.

Mama alikuwa na ng'ombe mmoja wa gredi, wale wa maziwa mengi, na ng'ombe huyo hakutaka mikono mingine. Nikienda mimi ananipa ya kujaza kikombe, halafu anazuia yaliyobaki na kuniangalia kwa jicho la pembeni. Akija Mama, akakaa kwenye kigoda, akaguna kawimbo fulani puani, maziwa yanashuka yenyewe. Mkono wa kulia ulipoanza kumtetemeka alikamulia wa kushoto. Miguu ilipoanza kukwama mlangoni, kama mtu aliyekanyaga gundi, alinituma nimshike kiwiko mpaka zizini. Alisema tu, "Siku nitashindwa kumfikia huyu ng'ombe, mjue nimeenda." Hakusema kwa huruma. Alisema kama mtu anayepanga kazi.

Mwaka wa 2007, baada ya kuambiwa na kila jirani kwamba ni baridi ya mifupa, tulimpeleka mjini Nakuru. Dada yangu alitoka Kamere, kule ziwani, anakofanya kazi kwenye mashamba ya maua, ili tuwe pamoja. Daktari alikuwa kijana wa Kihindi, mzaliwa wa Nakuru, na Kiswahili chake cha sokoni kilinishinda mimi. Alimfanya Mama agonganishe kidole na kidole, atembee, ageuke. Alipogeuka alihitaji hatua nyingi ndogo ndogo, kama gari kubwa kwenye kichochoro. Daktari akasema ni ugonjwa wa Pakinsoni.

"Hiyo inaliwa na nini?" Mama akauliza. Alikuwa na maana, inatibiwa na nini.

"Ngoja nikueleze kwanza inatoka wapi, Mama. Mwili wako umejengwa na vitu vidogo sana, seli. Ndani ya seli kuna jenereta ndogo ndogo, zinaitwa mitokondria. Hizo ndizo zinakupa nguvu. Sasa jenereta ikizeeka hufanya nini?"

"Hutoa moshi," Mama akasema mara moja. Tuliishi karibu na kinu cha kusaga mahindi.

"Haswa. Seli yenye afya ikiona jenereta imeanza moshi, inaifungia kando, inaivunja vunja, vipande vizuri inavitumia tena. Inajisafisha yenyewe. Kwako, katika sehemu fulani ndogo ya ubongo inayoongoza mikono na miguu, usafi huo umelegea. Jenereta mbovu zinabaki ndani, moshi unazidi, takataka zinarundikana, mwisho seli yenyewe inakufa. Zikishakufa nyingi ndiyo unaona mkono unatetemeka."

Nilisoma mpaka darasa la saba, na sidai kwamba nimeyaweka maneno yake kama alivyoyasema. Lakini hayo ya jenereta nina hakika nayo.

Dada akauliza ni nini kinachoziharibu.

"Kwa wengi hatujui. Wengine wanazaliwa na kasoro. Kuna dawa za kupulizia mimea ambazo kwenye maabara zimeonekana kuumiza hizo jenereta."

Mama alipulizia viazi miaka mingi na pampu ya mgongoni, bila kitu chochote mdomoni. Nilitaka kulishika jambo hilo nilifanye jibu. Lakini jirani yetu alipulizia vilevile, ni mkubwa kuliko Mama, na mpaka leo anabeba kabichi kichwani bila kuzishika. Daktari naye alikataa kusema ndiyo. Dada yangu alikuwa anaangalia vidole vyake. Nilidhani ameboeka.

"Na hiyo takataka haiwezi kusafishwa?" akauliza baadaye.

"Dawa ya kusafisha bado hakuna. Wanaochunguza wameona seli ikinyimwa chakula inaanza kula takataka zake. Lakini hiyo ni seli kwenye chupa, ni panya. Mama yenu amekonda, msije mkamnyima chakula. Hivi vidonge havisafishi. Vinaleta kutoka nje kile kitu ambacho seli zilizokufa zilikuwa zikitengeneza. Ameze kabla ya chakula."

Tulitoka pale watu watatu na kila mmoja amebeba kipande chake. Mama alibeba moshi. Mimi nilibeba kabla ya chakula. Dada yangu alibeba seli ikinyimwa chakula inajisafisha, akaacha yale yaliyofuata pale pale mezani kwa daktari.

Vidonge vikaanza. Kila asubuhi Mama alimeza kabla ya chakula, na kikombe cha maziwa ya moto. Jioni vivyo hivyo. Siku nyingine vilimfungua, akaenda zizini bila mimi. Siku nyingine ni kama amemeza punje za mahindi. Nilianza kumshuku mwenye duka la dawa, na nilimwazia mabaya ambayo sasa naona hakustahili.

Halafu ikaja Januari ya 2008, na vurugu za baada ya uchaguzi. Sitaandika mengi kuhusu majuma yale, kwa sababu wako waliopoteza zaidi ya maziwa, na sisi nyumba yetu ilibaki imesimama. Barabara zilifungwa, lori la kuchukua maziwa halikuja. Vidonge tulikuwa navyo. Maziwa pia tulikuwa nayo, mengi, na Mama si mtu wa kutazama maziwa yakimwagwa. Tulikunywa, tukagandisha, tukawapa majirani, tukanywa tena. "Kunywa, itakupa nguvu," nikimwambia yeye, naye akiniambia mimi. Na kila siku alizidi kukaza. Ikafika asubuhi alipokaa ukingoni mwa kitanda, kidonge kimeshamezwa, kikombe kitupu mkononi, na hakuweza kusimama. Ng'ombe alikuwa akilia zizini. Nikaenda mimi, akanipa kile kikombe chake kimoja.

Tulisema ni hofu. Ilikuwa na haki ya kuwa hofu.

Barabara zilipofunguka dada yangu alikuja. Nataka niseme hili kwanza: alikuja mapema, wakati wengi walikuwa bado wanaogopa kusafiri, na alimwogesha Mama vizuri kuliko mimi. Halafu alikaa jikoni akaniambia tunafunga.

"Nani anafunga?"

"Sisi sote. Mama pia. Kula ni jioni tu, ugali na mboga, bila maziwa bila nyama. Daktari mwenyewe alisema. Mwili ukikaa njaa unajisafisha."

"Alisema msimnyime chakula."

"Alisema zote mbili."

"Sasa kwa nini unachukua moja?"

"Na wewe, hiyo yako imekusaidia nini? Si huyu hapa hawezi kusimama?"

Kitu kinachoniudhi zaidi ya dada yangu ni dada yangu akiwa na swali zuri. Alitaka hata vidonge visimame, ati kufunga ni kufunga. Nilikataa kabisa. Tulipandishiana sauti mpaka Mama akaita kutoka chumbani, "Nyinyi wawili, mimi sijakufa. Nileteeni maji nimeze hicho kidonge mninyamazie."

Ikawa hivyo. Vidonge na maji, hakuna kingine mpaka jioni. Nilikaa nikimwangalia kama mtu anayelinda nyumba isichomeke. Nilikuwa nimeamua akianguka tu nitapika uji, na dada yangu aende akaombe huko nje.

Hakuanguka. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku iliyofuata, jua likiwa bado chini, nilisikia kigoda kikiburutwa uani. Nilitoka mbio. Mama alikuwa zizini, paji la uso limeegemea ubavu wa ng'ombe, mkono wa kushoto unavuta, wa kulia nao unajaribu. Alikuwa anaguna kawimbo kake. Maziwa yaligonga ndoo kwa ile sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu mwaka ulipoanza.

Dada yangu alisimama nyuma yangu. "Unaona?"

Niliona. Hiyo ndiyo ilikuwa shida. Niliona kwa macho yangu, na siwezi kuandika kwamba sikuona.

Jumapili kanisani dada alisimama akashuhudia kuhusu seli. Alisimulia jenereta na moshi mbele ya watu wote, na Mama akaombwa anyanyuke, akanyanyuka. Watu walipiga makofi. Mzee mmoja aliniambia nje, "Mama yako amesafishwa." Nikasema ndiyo, maana hapo mlangoni kwa kanisa ningesema nini? Na kwa sababu funga ile ilifanya kazi, dada alitaka nyingine, ndefu zaidi, kule mlimani wanakokesha watu kwa maombi, bila maji na bila vidonge, ili usafi umalizike. Nguo za Mama zilikuwa zimeanza kumning'inia. Nilimwambia dada anaweza kumuua. Akaniambia nina imani haba. Nilimwomba kitu kimoja tu: twende kwanza kwa yule daktari, na kama atasema sawa, nitabeba blanketi mimi mwenyewe.

Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka. Kisha akauliza kabla ya kufunga alikuwa akimeza vidonge na nini.

"Na maziwa," tukasema wote watatu kwa pamoja.

"Maziwa kiasi gani?"

Mama akaonyesha kikombe kwa mikono. Ni kikombe kikubwa.

Daktari akaegemea kiti. "Nilisema kabla ya chakula."

"Hakuwa amekula," nikasema. "Alikuwa amekunywa maziwa tu."

Akanitazama kidogo, nikaona linamwingia. Akasema maziwa yana protini, na protini na dawa ile hupitia mlango mmoja kutoka tumboni kwenda kwenye damu, na mlango mmoja tena kuingia kwenye ubongo. Maziwa yakijaa mlangoni, dawa inabaki nje. Kufunga hakukusafisha jenereta yoyote ya kuonekana kwa siku chache. Kulifungua mlango. "Nilipaswa kuwaambia waziwazi," akasema, na mimi nilimheshimu kwa hilo, ingawa nilitamani sana angelisema mwaka uliopita. Seli zilizokufa hazijarudi, akasema, na zile zilizobaki bado zina moshi wao. Mama akisimamisha vidonge ghafla ni hatari.

Nilimgeukia dada yangu. Nakubali nilikuwa nimejitayarisha kumwangalia namna fulani. Lakini yeye alikuwa ameinama mbele, anamuuliza daktari kwa sauti ndogo:

"Na mtu anayefanya kazi ndani ya hema za maua? Wakipulizia dawa sisi tunarudi ndani kabla haijakauka. Huyo naye usafi wake unaweza kulegea?"

Daktari akamwambia hawezi kujua, wengi hawapati, lakini asiingie kabla ya kukauka, na msimamizi akilazimisha, akatae. Dada akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa aruke ziwa. Ndipo nikaelewa kwa nini yeye, katika maneno yote ya siku ile, alichukua yale ya kujisafisha. Hasira yangu haikuisha. Ilikosa tu mahali pa kukaa.

Nyumbani alianza tena, kwa upole safari hii. Labda mlango umefunguka, sawa, lakini labda pia kuna kilichosafishwa, nani amefungua kichwa akaangalia? Kwa haki, hakuna aliyefungua. Nilikuwa nachukua pumzi nimjibu, Mama akatutangulia.

"Mlimani siendi," akasema. "Miguu yangu ni ya kwenda zizini. Lakini nitafunga maziwa. Kila asubuhi, mpaka jua lipite juu ya tangi la maji. Mwambie mchungaji hivyo."

"Hiyo ni kufunga?" nikauliza.

"Wewe umeshawahi kukaa asubuhi nzima bila chai?"

Dada yangu alifikiria, akasema ni kufunga, ni kufunga kwa kweli. Akarudi Kamere ameridhika, na kule kanisani mpaka leo wanaamini Mama alisafishwa kwa njaa na anaendelea kujitunza kwa sadaka ya chai. Nimejaribu kuwaeleza habari za milango. Wananisikiliza vizuri sana, halafu wanauliza sadaka hiyo ni ya muda gani.

Kwa hivyo sasa ni hivi. Kukicha anameza kidonge na maji, anakaa kwenye kigoda akingoja mwili ufunguke, halafu anakamua. Hakamui yote, mkono wa kulia unachoka mapema kuliko zamani, na kila mwezi unachoka mapema zaidi kidogo, kwa hiyo namalizia mimi, na ng'ombe, mwenye ndama mpya sasa, ameanza kunivumilia. Kazi yangu nyingine ni kuzuia sufuria ya chai.

"Chai iko wapi?" ananiuliza, ndoo ya maziwa ya moto iko katikati ya miguu yake.

"Bado, Mama. Angalia tangi."

Anaangalia tangi, anaangalia ndoo, ananiangalia mimi. "Hata ndama ameshakunywa," anasema.