Kikombe Nilichosahau Kuonja

Mume wangu alikuwa na mwanamke mwingine kule Cimpunda, na mimi nilijua. Miaka mitatu nilijua na nikanyamaza. Kanisani wamama walinisifu, eti yule maman ana moyo. Moyo gani? Nilikuwa nimechoka tu, na wivu wangu nilikuwa nimeukalia kama sanduku lisilotaka kufungika.

Jumapili moja akamleta nyumbani, mchana kweupe, eti tujuane, tusiwe watu wa kukimbiana sokoni. Mtoto wa watu, mdogo kuliko nilivyomwazia, na mwenye adabu hata ikaniudhi. Nikamimina kasiksi, pombe yetu ya ndizi, nikampa.

Kwetu Bukavu anayekaribisha ndiye anayeonja kwanza. Hata mutoto anajua. Unapiga funda moja mbele ya mgeni, ndipo unampa kikombe, aone kwamba hamna karuho, ile sumu inayoogopwa na mji mzima. Nimefanya hivyo maisha yangu yote. Siku ile nikasahau. Nasema nilisahau.

Kikombe kilikuwa tayari mkononi mwake. Nikikiomba sasa, ataona ni hatia imenikumbusha. Mume wangu akaangalia ukuta. Msichana akaniangalia mimi, akasema polepole, "Aksanti, yaya," kama anayemwita dada yake mkubwa, akanywa yote. Labda alitaka kunionyesha kwamba ananiamini. Au kwamba haniogopi.

Tangu hapo nilimuombea afya kuliko watoto wangu. Akiugua tu, mimi nimekwisha. Wiki ya pili tumbo likamshika, wakampeleka hospitali huko Katana. Homa ya matumbo, madokta walisema, na ni kweli, mimi sikutia kitu. Lakini hapa kwetu nani anaamini karatasi ya hospitali?

Mume wangu aliporudi kutoka kumwona hakuniuliza neno. Akanawa mikono, nikamwekea bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwa letu. Hakugusa. Alikaa pale, macho kwenye sahani, anangoja. Miaka kumi na tisa nampikia yule mwanaume! Nilichelewa kuelewa, halafu nikaelewa. Nikakata tonge, nikala, yeye anatazama koo langu.

"Sasa kula," nikamwambia.

Akala kidogo kidogo. Ilinipasa kulia. Mungu anisamehe, nilifurahi. Miaka mitatu hakuwa ameniangalia kwa makini namna ile. Msichana angali Katana, na kila siku mume wangu anangoja nionje. Neno moja lingetosha, nimwambie sikutia kitu. Mpaka leo sijamwambia.