Mwanangu Hana Utapiamlo

Asubuhi hii mama yangu kanipigia simu kutoka Mbebe analia, anauliza kwa nini namshindisha mjukuu wake njaa.

Mtoto yuko mgongoni, katoka kushiba uji.

Kumbe picha yake inazunguka kwenye magrupu ya wasapu. Ananing'inia kwenye mizani ya kliniki na ile kaptula ya kupimia, analia kama wanavyolia wote pale. Chini wameandika: "Mtoto aliyeokolewa kutoka kwenye utapiamlo kwa juhudi za mgombea wetu."

Juhudi zipi? Mizani ile niliikuta pale kliniki tangu mimba yangu ya kwanza.

Nikamfuata mpiga picha wa huyo mgombea, yule aliyekuja kliniki siku ile, hapa hapa Tunduma sokoni. Nikamfungulia kadi ya kliniki aone, uzito uko kwenye kijani, sehemu ya afya njema, mwezi hadi mwezi.

"Dada, picha nzuri hiyo. Watu wameguswa."

Nikamwambia afute. Akafikiri kidogo, halafu, jamani sisingizii, akasema: "Basi tupige nyingine, umembeba unacheka, tuandike amepona."



Sikumtukana. Nilisimama mbele yake mpaka akafuta. Lakini imeshasambaa, na siwezi kuingia kwenye simu ya kila mtu.

Kwa hiyo nawaomba, ikikufikia ifute, usiitume mbele. Na wewe uliyeandika chini yake "Mungu ambariki mgombea", huyo ni mwanangu. Anakula ninachopika mimi.