Donge la Kooni na Mchakamchaka wa Bigwa

Leo mchana nimekula ugali na mlenda, nikamaliza sahani, nikalamba vidole. Kwa wengi hilo si habari. Mimi kila linapotokea hujisikia kama mtu aliyepita karibu na tembo akaachwa. Naandika kwa ajili ya yeyote ambaye mwili wake umeanza kukataa mambo madogo, naye anaogopa kumwambia mtu.

Nilimaliza chuo miaka ile viwanda vya serikali vilipokuwa vinauzwa. Wenzangu wengi walizunguka na vyeti vyao Dar es Salaam mpaka viatu vikaisha soli. Mimi nilibahatika. Kiwanda kimoja cha nguo hapa Morogoro kilikuwa kimepata mwenye mali mpya kutoka nje, na meneja aliyeletwa hakujua Kiswahili. Nikaajiriwa kuwa mkalimani wake. Nilikuwa mzima. Wasiwasi nilikuwa nao, sikatai. Tangu utotoni mimi ni mtu wa kufunga mlango, kurudi kuangalia kama nimefunga, kisha kulala nikijiuliza kama niliangalia vizuri. Lakini nilikula na nililala.

Kazi ya mkalimani ni kusema "mimi" kwa niaba ya mtu mwingine. Meneja akisema amefurahi, nami nasema "nimefurahi". Mwanzoni tulisema mazuri tu: mashine mpya, rangi mpya, soko la nje. Baadaye alianza kusema mengine. Siku moja tulisimama mbele ya wafanyakazi wote, akanong'ona kwa lugha yake, nami nikapaza sauti: "Nitapunguza watu." Ukumbi mzima ulinitazama mimi. Hakuna aliyemtazama yeye.

Tangu hapo kila mkutano ulikuwa hivyo. Nilikuwa nakaa na maneno kabla, nikiyapima. Kupunguza, kuachisha, kustaafisha? Nilihisi kwamba nikichagua vibaya, mtu ataumia zaidi ya alivyopangiwa kuumia. Viganja vililowa hadi karatasi zikapinda.

Kati ya wafanyakazi alikuwepo Mzee Mkude, Mluguru wa huko juu ya Bigwa, mlimani pembeni mwa mji, fundi wa mashine za kufumia. Kila siku nilimwamkia getini. "Shikamoo, mzee." Naye: "Marahaba, mwanangu. Bado unatembea kama umekanyaga mwiba? Ndio usomi huo?" Tukacheka, siku ikaanza. Asubuhi moja baada ya mkutano mbaya nilimwamkia, akanitazama, akapita. Nikadhani hakusikia. Nikamfuata, nikamwamkia tena. Akapita.

Mchana ule nilikata tonge la kwanza, likasimama kooni.

Nilikunywa maji, likashuka. La pili likasimama. Kesho yake nilihisi kitu kimekaa chini ya koromeo, kigumu na laini kwa pamoja, kama kokwa ya zambarau. Sikuweza kukitema wala kukimeza. Nikaacha ugali, nikaacha wali, nikabaki na uji. Kisha hata mate nikayaogopa, nikawa nayatemea kwenye leso kazini, nikijifanya nina mafua. Mdomo ulianza kunuka. Nywele zilitoka na kitana. Siku zangu za mwezi zikakatika.

Dada yangu Mwajuma, mwalimu wa shule ya msingi Bigwa, alikuja kunitembelea chumbani kwangu mjini. Alinitazama kutoka juu hadi chini.

"Una mimba?"

"Sina."

"Basi una nini? Sketi umeishikiza kwa pini mbili."

"Kansa ya koo."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nimefikiria."

"Umefikiria," alisema. "Haya, mfikiriaji, vaa viatu twende hospitali."

Daktari alikuwa mama mtu mzima, mpole, asiye na haraka. Aliniingiza kooni kioo kidogo chenye mpini hadi nikatapika kwenye beseni. Nikanyweshwa dawa nyeupe nzito kama chokaa, nikapigwa picha. Nikapimwa na damu. Majibu yalipotoka alinikalisha.

"Koo lako halina kidonda wala uvimbe."

"Kwa hiyo naigiza?"

"Sijasema hivyo. Misuli imekaza kweli. Ni kama ngumi iliyokunjwa muda mrefu mpaka ikasahau kukunjuka. Kazini kwako kukoje?"

Nilimweleza. Nilieleza kwa muda mrefu sana, nikijirekebisha kila sentensi. Hakunikatiza. Kisha akachukua vidole vyangu, akaviweka kooni pangu.

"Umemeza mate sasa hivi?"

"Nadhani."

"Usidhani. Subiri."

Nilisubiri. Chini ya vidole koo lilipanda taratibu, likashuka, kama mtu anayeinua pazia na kulirudisha.

"Nani ameliamuru?"

"Sijui."

"Ukilala linameza usiku kucha bila kukuomba ruhusa. Wewe ukiamka ndiyo unaanza kulisimamia."

Sijui nilieleze vipi jambo hili. Nilikuwa na shahada, lakini sikuwahi kufikiri kwamba ndani yangu kuna kitu kinachonifanyia kazi gizani tangu siku niliyozaliwa, bila kulalamika, bila kunijua jina. Nilitoka mle nikiwa nimeshika shingo yangu kama mtu aliyebeba yai.

Aliniandikia mapumziko ya ugonjwa na kunipa mambo mawili ya kufanya. La kwanza, kila alfajiri nitoke jasho. La pili, baada ya jasho nikae kimya, macho nimefumba, nitazame pumzi. "Ikiingia, ijue. Ikitoka, ijue. Wazo likija usiligombeze. Lisindikize kama mgeni hadi mlangoni, kisha rudi ukae."

"Likirudi?"

"Lisindikize tena. Kwani kwenu hamna adabu?"

Nikahamia kwa dada. Shuleni kwake watoto walikuwa wanakimbia mchakamchaka kila alfajiri kabla ya usafi, kwenye njia ya vumbi inayoelekea mlimani, kiongozi mbele akiimba na wenzake wakiitikia. Dada alikuwa na filimbi. Aliniweka nyuma kabisa, pamoja na wasichana wa darasa la tatu.

Siku ya kwanza nilifika kwenye migomba ya mwanzo tu. Niliinama, mikono magotini, nikatapika uji. Moyo ulipiga hadi masikioni. Nilianza kufikiri nani atampelekea mama habari za msiba.

"Mdogo wake mwalimu anahema kama lori la mkaa," msichana mmoja alisema.

"La mkaa linafika," mwenzake akamjibu.

Niliendelea kwenda kwa sababu dada hakunipa nafasi ya kufikiri. Baada ya wiki kadhaa nikawa napita migomba. Kisha nikagundua jambo: mchakamchaka hauruhusu kukaa kimya. Ukinyamaza unachelewa mguu, anayekufuata anakugonga kisigino. Ilibidi niitikie. Na huwezi kukimbia mlima, ukaimba, na kulinda koo kwa wakati mmoja. Nilichagua kukimbia na kuimba.

Watoto wakigeuza kurudi, mimi nilibaki kwenye kijito kinachoshuka kutoka juu. Nilikaa juu ya jiwe, nikafumba macho. Hili lilinishinda kuliko mbio. Nilifikiri kuhusu meneja, kuhusu Mzee Mkude, kisha nikajiuliza kama bado ninafikiri. Niliwasindikiza wageni hadi nikachoka, nao walikuwa wanakutana njiani na wengine wanaokuja. Nilimrudia daktari nikamwambia nimeshindwa. Akaniuliza: "Unapogundua umepotea, unarudi?" Nikasema narudi. "Basi kurudi ndiyo zoezi lenyewe."

Asubuhi moja ukungu ulikuwa mzito, sikuona hata miguu yangu. Nilisikia maji tu. Kama kawaida yangu nilianza kuyatafutia maneno: yananguruma, yananong'ona, yanachekea mawe. Nikagundua kwamba nayatafsiri. Hakuna aliyenituma. Maji hayakuwa na ujumbe wowote kwa mtu yeyote. Nikaacha. Yakabaki maji, na pumzi ikiingia puani baridi, ikitoka ya moto.

Sijui nilikaa muda gani. Nilipofumbua macho ukungu ulikuwa umepanda, na Uluguru ulikuwa umesimama mbele yangu wote, kijani juu ya kijani, mashamba yamening'inia kwenye miteremko ambako sikuelewa mtu anasimamaje. Nilikuwa nimeishi chini ya mlima ule nikiuona kila siku kama ukuta wa nyumba. Siku ile nilijiona mdogo sana, na udogo ule haukuniuma. Ulinipumzisha. Mlima haukuwa unasubiri niseme chochote.

Ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimemeza mate, tena zaidi ya mara moja, bila kujua.

Nilirudi nyumbani nikifuta machozi na jasho kwa kanga moja. Jikoni kulikuwa na kiporo cha ugali. Nikakata tonge dogo, nikaliweka mdomoni, nikatafuna. Likashuka. Nikakata lingine. Dada alikuja kuchukua chaki alizosahau, akasimama mlangoni.

"Endelea," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi sipo."

Nilirudi kazini. Nilimwambia meneja kwamba kuanzia sasa atasimama mbele yeye mwenyewe, mimi nitasimama pembeni, na kila sentensi nitaanza na "Meneja anasema". Alinyanyua mabega, akakubali. Watu walipunguzwa hata hivyo. Mzee Mkude alikuwemo. Nilimsomea jina lake huku viganja vimelowa, nikiitazama pumzi yangu. Donge lilikuja, likakaa, likaondoka. Mpaka leo huja mara mojamoja. Silikimbii tena.

Ndugu msomaji, nenda hospitali kwanza. Usijipime kwa mawazo, kama nilivyofanya mimi. Ukiambiwa huna kidonda, usione haya, maumivu yako ni ya kweli. Kisha tafuta njia ya kukimbia na jiwe la kukalia. Namshukuru Mungu, namshukuru yule mama daktari, na dada yangu mwenye filimbi. Nawashukuru wasichana wa darasa la tatu, ambao hadi leo wakiniona sokoni wananguruma kama lori.

Bado nakimbia njia ile. Mwezi uliopita nilimkuta Mzee Mkude akipanda kwenda shambani, jembe begani. Sikuwa nimemwona tangu aondoke kiwandani. Pumzi ilikuwa inanitosha kwa neno moja tu.

"Shikamoo, mzee."

Sikusimama kusubiri. Nilimpita, nikaendelea na mlima, pumzi ikiingia, pumzi ikitoka. Nilikuwa nimeshafika kwenye kona ya migomba niliposikia sauti yake nyuma yangu.

"Marahaba, mwanangu. Naona mwiba umetoka."